Mabaki ya Kale Chini ya Misingi Mipya ya Kilimanjaro

Katika maandiko ya elimu ya mambo ya kale ya Tanzania yamo majina mawili ambayo msomaji mgeni huenda akayapita bila kuyatazama mara ya pili. La kwanza ni Hospitali ya Usangi, katika milima ya Upare wa Kaskazini. La pili ni Wasendo Madukani, upande wa magharibi wa mlima Kilimanjaro. Moja ni jina la mahali pa tiba, jingine ni jina la mahali pa biashara, wala hapana hata moja kati yake lenye harufu ya ukale. Lakini katika ardhi ya Usangi mchunguzi wa Kinorwe, Knut Odner, alichimbua vigae vya vyungu vya watu walioishi huko zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hospitali yoyote kujengwa. Na katika ardhi ya Wasendo Madukani Amini Mturi, Mtanzania aliyepata kuiongoza Idara ya Mambo ya Kale, alieleza mwaka 1986 mabaki ya wafugaji wa zama za mawe, waliolisha mifugo yao miteremkoni kabla chuma hakijaenea katika nchi hizi.

Majina hayo mawili yana funzo kubwa. Mtu wa kale na mjenzi wa leo hawakupata kuonana, lakini wamechagua kiwanja kimoja. Palipomfaa yule kwa maji, kwa udongo na kwa usalama, ndipo panapomfaa huyu kwa wodi ya wagonjwa na kwa duka. Kwa sababu hiyo, katika nchi ya Kilimanjaro swali la kuichunguza ardhi kabla ya kujenga si swali la anasa ya wasomi. Ni swali la kama historia ya mlima huo itasomwa au itachotwa na sepetu, ikatiwa katika lori, ikatupwa korongoni.

Ili kuielewa hoja hiyo yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Kilimanjaro, ambao kilele chake cha Kibo kina urefu wa mita 5,895, haukaliwi na watu kila mahali. Juu kuna barafu na mawe. Chini yake kuna msitu. Na chini kabisa, kuelekea Kahe na Arusha Chini, kuna nyika yenye joto na mvua haba. Kati ya msitu na nyika umelala ukanda wa vihamba, ambamo migomba, kahawa na nyumba za watu vimesongamana bega kwa bega. Ukanda huo ni mwembamba kuliko sifa zake. Upande wa kusini, unaotazama mji wa Moshi, hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini, na mito yake imekatwa na mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, inayochukua maji kutoka makorongo ya juu hadi mashamba ya chini. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884, aliisimulia mifereji hiyo kwa mshangao, nayo wakati huo ilikwisha kuwa kazi ya vizazi vingi.

Sasa ilinganishwe nchi hiyo na Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, magharibi ya Kilimanjaro. Hapo ipo mifereji mingine, na kuta za mawe za mashamba, na viwanja vya nyumba za vijiji. Hans Reck aliviona mwaka 1913, Louis Leakey akavichunguza mwaka 1935, na Hamo Sassoon akachimba huko mwaka 1964 na 1966. Engaruka imehifadhika kwa sababu moja nyepesi: watu wake walihama. Mashamba yaliachwa, na aliyekuja baadaye alikuta mawe yamesimama kama yalivyopangwa. Kilimanjaro haukuachwa. Mjukuu amelima alipolima babu, amejenga alipojenga babu, amechimba shimo la taka palipokuwa jiko la bibi. Ustawi huo ndio uliomzidishia mchunguzi kazi, maana maisha mapya yamekaa juu ya maisha ya zamani kama mkeka juu ya mkeka, na mwenye kukaa juu hauoni ule wa chini.

Hata hivyo, yaliyokwisha kujulikana si machache. Mwaka 1967 Robert Soper alitangaza habari za vyungu vya namna iitwayo Kwale, kwa jina la mahali katika pwani ya Kenya vilikotambuliwa kwanza, akaonyesha kwamba vyungu vya jamaa hiyo vyaonekana pia Tanzania ya kaskazini-mashariki. Vyungu vya Kwale ni kazi ya wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Mwaka 1971 jarida la Azania lilichapisha taarifa mbili za Odner, moja juu ya Usangi na Upare wa Kaskazini, na nyingine juu ya miteremko ya Kilimanjaro. Na humo ikadhihirika kwamba wenye vyungu hivyo walipanda milimani mapema. Baada yao wakaja wenye vyungu vya namna nyingine, iitwayo Maore. Basi mtu anayedhani kwamba historia ya mlima yaanza na wamangi, au na Johannes Rebmann aliyeuona mlima mwezi wa Mei mwaka 1848, anaanza hesabu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.

Zipo pia alama za zamani zilizo karibu zaidi. Mwaka 1952 Henry Fosbrooke pamoja na Petro Itosi Marealle, Mchaga aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu cha maisha ya watu wake, walieleza habari za miamba ya Kilimanjaro iliyochongwa michoro, wakaihusisha na mafunzo ya jando. Mwaka 1954 Fosbrooke akaandika juu ya ngome za Wachaga na mapango yao ya kujifichia. Ngome hizo zilikuwa za mawe, na aliyesifika zaidi kwa kuzijenga ni Horombo wa Keni, upande wa Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19. Mapango ni mashimo yaliyochimbwa kwa mkono chini ya vihamba, yenye mlango mwembamba wa kupita mtu mmoja kwa kuinama, na ndani yake vyumba vya watu na vya mifugo. Watu walijificha humo wakati wa vita, ama vya Wamasai, ama vya mangi jirani. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba udongo uliotolewa ulichukuliwa na kumwagwa mtoni, adui asione kichuguu akajua pana shimo. Yaani waliochimba walifanya bidii kwamba kazi yao isionekane, na walifaulu hata leo: fundi anayeweka msingi wa nyumba anaweza kusimama juu ya pango la namna hiyo asijue, mpaka ukuta upasuke au sakafu itumbukie. Hapo faida ya kuchunguza kwanza si ya mwanahistoria peke yake. Ni ya mwenye nyumba pia.

Na uchunguzi huo hufanywaje? Watu wengi husikia neno uchimbaji wakadhani ni kazi ya miaka, yenye mahema na wageni wengi. Uchunguzi wa majaribio sivyo ulivyo. Madhumuni yake ni kujibu maswali matatu tu: je, chini ya kiwanja hiki kuna kitu? Kama kipo, kina umri gani na kimeenea wapi? Na je, ujenzi uliokusudiwa utakiharibu?

Hatua ya kwanza haihitaji jembe. Mchunguzi husoma ramani na maandiko, kisha huwauliza wazee jina la mahali na sababu ya jina hilo, maana jina la kijiji mara nyingi hukumbuka jambo ambalo wanakijiji wamekwisha kulisahau. Hatua ya pili ni kutembea. Watu hujipanga safu, kila mmoja hatua chache kutoka kwa mwenzake, wakaivuka ardhi polepole wakitazama chini. Katika kihamba kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa majani makavu ya migomba yameifunika ardhi yote. Basi mchunguzi mjuzi huenda mahali ambapo ardhi imekwisha kufunuliwa na wengine: kwenye kingo za mfongo, kwenye ukuta wa udongo ulioachwa na njia ya gari, kwenye shimo jipya la choo, na hata kwenye kifusi cha fuko, ambaye huleta vigae juu bila kudai ujira.

Hatua ya tatu ni mashimo ya majaribio. Kamba hufungwa kwenye vigingi vinne, kila upande mita 1, na udongo huondolewa kwa mwiko wa mwashi, tabaka moja baada ya jingine, kila tabaka sentimita 10 au kufuata mabadiliko ya rangi. Udongo wote hupitishwa katika chekecheke. Kigae, mfupa, ushanga, kipande cha mavi ya chuma, kila kimoja hutiwa katika mfuko ulioandikwa shimo na tabaka lake. Kisha kuta za shimo husafishwa na kuchorwa, maana ukuta wa shimo ndio ukurasa wenyewe: mstari mweusi ni majivu, mstari mwekundu ni udongo uliochomwa moto, doa la mviringo ni mahali palipokuwa nguzo ya nyumba iliyokwisha kuoza. Kazi huendelea mpaka ufikiwe udongo ambao haujaguswa na mkono wa mtu.

Kinachotafutwa zaidi ya vyote ni mkaa. Tangu Willard Libby alipoonyesha mwaka 1949 kwamba kaboni iliyomo katika kitu kilichokufa hupungua kwa kipimo kinachojulikana, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1960, kipande cha kuni cha mpishi wa kale kimekuwa kama saa. Siku hizi vipo na vipimo vingine. Chembe za mchanga zilizolala chini ya mfereji zaweza kupimwa ni lini zilionja mwanga wa jua kwa mara ya mwisho. Na jani la mgomba, ingawa huoza, huacha udongoni vijiwe vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho tupu, vilivyojengwa ndani ya jani lenyewe wakati wa uhai wake. Navyo vina umbo lao wasilolipata katika majani ya mimea mingine mingi. Msomaji afikiri maana ya jambo hilo kwa nchi ya Wachaga. Mgomba ni chakula, ni pombe, ni kivuli cha kahawa, ni malisho ya ng'ombe wa ndani, na asili yake ni Asia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Swali la lini mgomba ulifika Kilimanjaro ni swali la lini Kilimanjaro ulianza kuwa nchi ya vihamba. Jibu lake limo katika udongo mweusi wa kiasi cha kujaza kikombe, uliochukuliwa kutoka tabaka lijulikanalo. Udongo ule ule ukikwisha kuchanganywa na tingatinga hausemi neno.

Hapa ndipo ulipo msingi wa hoja nzima. Kigae kilichookotwa katika kifusi kinaweza kuwekwa katika kabati la shule, nacho kitapendeza macho. Lakini hakiwezi tena kueleza kilikuwa chini ya nini na juu ya nini. Thamani ya vitu vya kale imo zaidi katika mpangilio wake kuliko katika vitu vyenyewe. Kitabu kilichochanwa kurasa zake zikatupwa upeponi bado kina maneno yote kilichokuwa nayo, ila hakisomeki.

Nchi nyingine zimekutana na tatizo lile lile. Katika jangwa la Arizona, Marekani, kando ya mito Salt na Gila, waliishi watu ambao wataalamu huwaita Hohokam. Watu hao, kama Wachaga, walikuwa mabingwa wa mifereji. Walichukua maji ya mito wakayatandaza jangwani, wakapanda mahindi, maharagwe na pamba, mpaka kilimo chao kilipokoma mnamo mwaka 1450. Mwaka 1867 Jack Swilling aliunda kampuni ya kuchimba mfereji, akafuata njia za mifereji yao, na mji uliozaliwa hapo ukaitwa Phoenix, kwa jina la ndege wa hadithi anayefufuka katika majivu yake. Mji ukakua, na kila ulipotaka barabara au jengo ukakuta kijiji cha kale chini yake. Mwaka 1929 mji huo ulimteua Odd Halseth kuwa mchunguzi wake wa mambo ya kale. Emil Haury alichimba kijiji kikubwa kiitwacho Snaketown katika miaka ya 1934 na 1935, akarudi mwaka 1964. Kisha sheria ya Marekani ya mwaka 1966 ikaziamuru idara za serikali kuu zifikiri kwanza athari za miradi yao kwa mabaki ya kale. Tangu hapo imekuwa desturi kukata mahandaki membamba katika kiwanja, kwa mafungu yaliyopimwa, kabla ya msingi kuwekwa. Na habari nyingi zijulikanazo leo juu ya vijiji vya Hohokam zimepatikana kwa njia hiyo, mbele ya barabara na majumba.

Ila kuna tofauti moja ambayo haifai kusahauliwa. Jina Hohokam limetoka katika lugha ya O'odham, na wageni walilifasiri kuwa waliokwisha kutoweka. Lakini watu wa O'odham wenyewe wanawahesabu kuwa ni wazee wao. Katika Kilimanjaro hata nafasi ya kukosea hivyo haipo. Mwenye kihamba yupo, anamtazama mchunguzi akifunga kamba, na mwenye kuzikwa chini ya mgomba ana jina.

Na sheria ya Tanzania yasemaje? Utawala wa Kiingereza ulitunga sheria ya kuhifadhi majengo ya kale mwaka 1937, na Idara ya Mambo ya Kale ikaanzishwa mwaka 1957. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Sheria hiyo inalinda vitu na majengo yaliyofanywa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863; inakataza kuchimba kwa kutafuta mabaki pasipo kibali; na inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Ni sheria njema, lakini ina mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni ule mwaka wenyewe. Ngome za Horombo zaingia ndani ya mstari bila shida. Boma la Mangi Sina wa Kibosho, ambaye nguvu zake zilikuwa baada ya mwaka huo, na ambalo majeshi ya Wadachi chini ya Hermann von Wissmann yalilishambulia mwaka 1891, laweza kuachwa nje, isipokuwa Waziri amelitangaza kwa amri yake kuwa kumbukumbu ya taifa. Ukuta wa Sina na ukuta wa Horombo huenda vikawa vya mawe ya namna moja, lakini mmoja una ngao ya sheria na mwingine hauna.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi. Wajibu wa kutoa taarifa humwangukia mtu baada ya kugundua, na mwenye kugundua kwa tingatinga hugundua akiwa amekwisha kuharibu. Mwaka 1971, mwaka ule ule ambao taarifa za Odner zilichapishwa, hospitali kubwa ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro ukaanza kazi. Kabla yake, katika miaka ya 1960, bwawa la Nyumba ya Mungu lilikuwa limefunika bonde ambamo mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana. Na katika miaka ya 1980 mashamba ya mpunga ya Moshi Chini yalisawazishwa na kugawanywa kwa mifereji ya saruji. Kazi hizo zote zilihitajika, na mtu aliyepona KCMC hatalaumu kujengwa kwake. Lakini katika miaka hiyo hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mjenzi amsubiri mchunguzi. Elimu na ujenzi zilipita katika nchi moja, kama wasafiri wawili wanaopishana usiku wasisalimiane.

Hali imebadilika kwa kiasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka 2005, inautaka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na urithi wa utamaduni huhesabiwa miongoni mwa mambo ya kutazamwa. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ikatia mkazo jambo hilo, na neno malikale lenyewe likapata nguvu katika lugha. Basi barabara, bwawa na kiwanda vimepata mlinzi, japo mlinzi huyo ana macho mawili tu na nchi ni pana.

Lakini mchimbaji mkuu wa Kilimanjaro si barabara wala kiwanda. Ni nyumba ya mtu mmoja mmoja. Mkoa huo ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2022, nao wengi wamesongamana katika ukanda ule mwembamba wa vihamba. Kila mwisho wa mwaka Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani, na pamoja nao hurudi saruji, mabati na nondo. Nyumba ya udongo huvunjwa, nyumba ya matofali husimama, na msingi wake huenda chini kuliko nguzo za babu zilivyokwenda. Nyumba moja haiombwi tathmini yoyote ya urithi. Lakini nyumba elfu ni handaki moja refu lililochimbwa kuuzunguka mlima, pasipo chekecheke, pasipo mfuko, pasipo mtu wa kuchora ukuta wa shimo.

Watu huleta hoja tatu juu ya jambo hili, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni ya gharama: mkulima aliyeuza kahawa miaka kadhaa ili apate fedha za msingi, je, atozwe tena fedha za vigae? Jibu ni kwamba hapana haki kumtoza. Faida ya elimu ni ya taifa zima, na gharama yake yapasa kuwa ya taifa, ya halmashauri na ya vyuo vikuu. Ya pili ni ya muda: ujenzi ukisimamishwa mvua huja. Jibu ni kwamba mashimo mawili ya mita 1 huchukua siku chache, si miezi. Na mara nyingi matokeo yake ni neno fupi kwamba hapana kitu, mjenzi aendelee. Yakionekana mabaki machache, inatosha mtu mmoja kusimama karibu wakati msingi ukichimbwa. Yakionekana mengi, huenda ukuta ukasogezwa hatua kadhaa, au sehemu hiyo ikachimbwa vizuri kwanza. Kati ya hayo yote hakuna linalosema usijenge.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ya makaburi. Kihamba si shamba tu. Ni mahali wanapolala wazazi, na majani ya masale yaliyopandwa hapo ni mpaka wa ardhi na ishara ya heshima pia. Katika desturi ya zamani mifupa ya mzee ilitolewa baada ya miaka, na fuvu likawekwa kwa adabu mahali pake chini ya masale. Basi mgeni mwenye mwiko na chekecheke akija kihambani huulizwa, na ni haki aulizwe, anatafuta nini. Swali hilo lina historia. Wadachi walimnyonga Mangi Meli wa Moshi mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine, na katika zama zao mafuvu ya watu wa nchi hizi yalipelekwa Ujerumani kwa mamia, kwa jina la elimu. Ukoo wa Meli umelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya chembe za urithi vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu hayo na jamaa walio hai Tanzania. Elimu iliyochukua bila kuomba imelazimika, baada ya zaidi ya miaka mia moja, kuitumia elimu nyingine ili kujua ilimchukua nani.

Kwa hiyo uchunguzi wa ardhi ya Kilimanjaro hauwezi kuwa kazi ya mtaalamu peke yake. Lazima uanze kwa ruhusa ya ukoo, ufanyike mbele ya ukoo, na mfupa wa mtu ukionekana, kazi isimame mpaka wenyewe waseme. Sharti hilo halidhoofishi elimu. Mwenye kihamba anayejua kwamba hatanyang'anywa wazee wake hatakificha kigae alichokiona. Na asiyejua hilo atakifukia usiku, kama babu zake walivyomwaga mtoni udongo wa mapango yao.

Nayo njia ya kuzifikia nyumba elfu imo katika watu waliopo tayari. Fundi mwashi huona ndani ya ardhi kila wiki kuliko profesa kwa mwaka mzima. Mwalimu wa shule ya kata anaweza kuwafundisha wanafunzi kutambua kigae, mavi ya chuma na majivu ya zamani, na kuandika katika daftari mahali vilipoonekana na kina chake. Wazee wa mfongo, ambao kila mwaka huwakusanya watu kusafisha mfereji, wanajua kila ukingo ulioanguka. Halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi inaweza kuongeza swali moja katika karatasi yake, na chuo kikuu kinaweza kumtuma mwanafunzi mwenye kamba na chekecheke palipo na jibu la ndiyo. Mambo hayo hayahitaji sheria mpya kubwa. Yanahitaji fundi ajue la kufanya mwiko wake ugongapo kigae, na ajue ni mlango gani wa kubisha.

Hospitali ya Usangi imeingia katika vitabu vya historia pamoja na wagonjwa wake na pamoja na wafinyanzi wake wa kale, na jina moja limewatosha wote. Ni jambo la heri kwamba hapo yupo mtu aliyetazama chini. Katika miteremko ya Kilimanjaro zipo shule, makanisa, misikiti, maghala ya kahawa na nyumba za watu ambazo zingeweza kuwa na heshima hiyo hiyo, na nyingine mpya zinapimwa viwanja vyake leo. Kiwanja ambacho kamba yake imefungwa lakini jembe halijashuka bado kina historia yake yote. Kazi ya siku chache kabla ya jembe hilo ndiyo tofauti kati ya taifa linalojua limejenga juu ya nini na taifa lililojenga tu.